Bakuli Likiwa Wazi

Kawehi alipotia mkono ndani ya tope asubuhi ile alilikuta lina uvuguvugu, akajua habari yote kabla hajang'oa hata gimbi moja. Magimbi yanataka maji baridi, maji yanayotembea. Yakisimama yakapata joto, gimbi huoza kuanzia chini huku majani juu yamesimama wima, kama mgonjwa anayewaambia wageni hajambo. Alishika shina moja akavuta. Likatoka bila kubisha, laini, linanuka, akalitupa juu ya tuta yalikokuwa mengine yaliyooza.

Mto wa Honokea ulikuwa umebaki kama kamba. Juu huko mlimani maji yalizuiwa zamani kwa ajili ya miwa. Miwa ikafa, lakini maji hayakurudi bondeni, yakaelekezwa kwenye nyasi za mahoteli upande wa jua. Kawehi alishasimama mikutanoni akasema, akasema tena, hadi ikawa akiinua mkono watu wanatazama saa. Umri wake ulikuwa umepita hamsini na magoti yalilia kila alipoinama. Majaruba aliyoachiwa na Tutu, yaani bibi yake aliyemlea, nusu yalikuwa yameshamezwa na magugu, kwa sababu mikono ya mtu mmoja haitoshi kuzibua mfereji, kuokota konokono, kupalilia, kung'oa, kuchemsha na kuponda.

Kwa hiyo siku Nahoa, mdogo wake, alipotokea kwenye njia ya bondeni na mfuko mmoja begani, baada ya miaka mingi ya kuishi bara, jangwani Las Vegas, wanakokimbilia watu wa visiwa wakishindwa na kodi za nyumba za kwao, Kawehi alitaka jambo moja tu, na alilitaka mno hata akaogopa kulitamka. Alitaka abaki.

"Nani huyu mzee?" alisema akiwa amezama hadi magotini, anajifanya kukunja uso. "Mbona amekauka kama samaki aliyesahauliwa juani?"

"Ni mdogo wako, dada. Na wewe mbona umeota mizizi?"

"Njoo unikumbatie hivyohivyo na tope langu. Tope hili ndilo lililokulea."

"Lilikulea wewe," Nahoa alisema, akashuka na viatu vyake akamkumbatia. "Mimi nililelewa na lami ya mjini Kahului. Usinichanganye."

Walicheka wote wawili. Lakini Kawehi aliliona lile neno likipita chini ya kicheko kama samaki mkunga chini ya maji.

Neno lenyewe lilikuwa kweli. Kwao, mtoto wa kwanza hakuwa wa wazazi, alikuwa wa bibi. Kawehi alipoacha ziwa tu, Tutu Meleana alikuja mjini akamchukua. Mama hakukatazwa kulia, ila kukataa hakuruhusiwa. Nahoa na Uilani, kitindamimba, wakabaki Kahului na wazazi. Wadogo zake walimwonea wivu kwa sababu alipewa bonde na mto na hadithi. Yeye aliwaonea wivu kwa sababu walipewa mama. Wakakua hivyo, kila upande unadhani mwenzake ndiye aliyependelewa.

Tena Kawehi hakuwa wa kwanza hasa. Kabla yake alikuwepo kaka. Huyo alizaliwa bila pumzi, na Tutu akamfunga kitambaa akampeleka jaruba la juu kabisa, pale maji yanapoingilia, akamlaza, na juu yake akachomeka mche wa gimbi. Hakusema amemzika. Alisema amempanda. Gimbi lilipokomaa walilila, wakakata kichwa na shina lake wakavirudisha palepale, na hivyo hivyo miaka yote, kwa hiyo lililosimama pale leo ni lilelile la siku ile.

"Ndivyo tulivyoanza watu wote," Tutu alikuwa akisema huku anaponda, jiwe likipanda na kushuka juu ya ubao. "Binti wa nyota alimzalia Wakea, baba wa mbingu, mtoto wa kwanza. Akatoka kama mzizi. Hana mikono, hana miguu, hana pumzi. Wakamfukia pembeni mwa nyumba, mama akamlilia pale mpaka udongo ukalowa, kikachipuka kitu chenye jani linalotetemeka kwa upepo. Huyo ni Haloa mkubwa. Ndipo akaja wa pili, mtu, anapumua, akapewa jina la kaka yake, akaambiwa: mtunze mkubwa wako, naye atakulisha. Sasa wewe, wako unajua alipo. Umekaa hapa unanitolea macho ya nini? Nenda kampalilie."

Na hapo ndipo ilipotoka sheria ya bakuli. Magimbi yakishapondwa yakawa poi, ule uji mzito wa rangi ya zambarau iliyochujuka, huwekwa ndani ya bakuli la mti lenye mfuniko. Mfuniko ukitolewa, basi kaka mkubwa wa watu wote ameketi mezani, na mbele yake hakuna kugombana, hakuna kusemana, habari za vifo na mashauri mazito yanangoja. Kila nyumba ya bondeni iliijua sheria hiyo. Nyumba ya Tutu Meleana iliishika kuliko zote, na sababu yake ilikuwa baba.

Baba yao aliendesha lori la miwa, na Jumapili aliwaleta mke na watoto bondeni akiwa ameshakunywa njiani. Aliingia na sauti juu. Alikuwa na neno lake la kumchapia Nahoa, mwanawe wa kiume pekee aliye hai, tangu Nahoa hajaota meno ya pili: "Kaka yako amekufa na bado analisha watu. Wewe uko hai, unamlisha nani?" Mkono ukianza kuinuka, Tutu hakubishana naye. Alifunua bakuli tu. Baba akaitazama poi, mkono ukashuka, akavuta kiti, akala kimya kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa. Kawehi aliyaona hayo akiwa mtoto, akayaamini kuliko chochote alichofundishwa baadaye: bakuli likiwa wazi, hakuna anayeumia.

Nahoa alianza kazi kesho yake, bila kuombwa. Alizibua mfereji kuanzia lango la juu, akatoa matope na mizizi na chupa za watalii, akahamisha mawe mtoni hadi ule uzi wa maji ukakubali kugeuka. Maji yalipofika jaruba la kwanza, Kawehi alitia mkono, akaona baridi, akauacha humohumo.

"Umelala?" Nahoa alimwita kutoka juu ya tuta.

"Nasalimiana na maji. Hatujaonana siku nyingi."

"Yaambie na haya makonokono yahame. Yana ukoo mkubwa kuliko wetu."

"Na yanaelewana kuliko sisi."

"Hayana dada mkubwa, ndiyo maana."

Alimrushia bonge la tope, likampata shingoni. Walifanya kazi hivyo, siku zikapita, na Kawehi akaanza kulala usingizi wa mtu mwenye mtu nyumbani. Aliona mambo lakini. Aliona Nahoa anapalilia kila mahali isipokuwa pale juu alipolala kaka yao. Akifika pale anakaa kwenye tuta, mikono katikati ya magoti, analitazama lile gimbi. Aliona ule mfuko wake ametundika ukutani juu ya kitanda, na siku alipotaka kuushusha atoe nguo za kufua, Nahoa alisema, "Huo uache, dada," kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake.

Nahoa hakuwa msemaji wa shambani. Maneno yalimjia akiwa ameshanawa, amekaa, ana chakula mbele yake. Alijaribu mara ya kwanza siku moja mchana.

"Dada. Mimi na Darlene..." Darlene alikuwa mkewe, asili yao mji wa Hilo wa visiwani, mwenyewe kazaliwa hukohuko jangwani. Kawehi alimjua kwa simu tu.

"Kula kwanza," Kawehi alisema, akasogeza bakuli katikati.

"Si nakula. Nilitaka tu kusema, mwaka huu umetu—"

Kawehi aligonga ukingo wa bakuli kwa ukucha, taratibu, kama Tutu alivyokuwa akifanya. Nahoa akakitazama kile kidole, akacheka kidogo.

"Polisi ameshafika mezani."

"Ameshafika. Chovya."

Akachovya. "Poi hii ni ya vidole vitatu, dada. Enzi za Tutu kidole kimoja kilitosha kubeba tonge."

"Zibua mfereji vizuri, utapata ya kidole kimoja."

Kawehi hakuwa mjinga. Alijua kipo kitu. Ila alidhani anajua na chenyewe ni kipi: Darlene anamwita, na mdogo wake anatafuta namna ya kuaga. Naye aliona hivi, mtu akishasema anaondoka, ameshaondoka, lakini kabla hajasema bado yupo. Basi akawa halifuniki bakuli. Zamani chakula kikiisha mfuniko ulirudi mahali pake. Sasa bakuli likawa linakaa mezani toka mchana mpaka wanakwenda kulala, limetandikwa kitambaa chepesi cha kuzuia nzi, na kitambaa, alijiambia, si mfuniko. Shambani akiona midomo ya mdogo wake inataka kufunguka, alimtuma jembe, alimtuma ndoo, alimtuma maji ya kunywa hali kiu hana. Nahoa alikwenda, akaleta, na kila alipoleta alikuwa amenyamaza zaidi.

Jumapili moja Uilani alikuja. Alikuwa akifua kwenye hoteli moja upande wa pili wa kisiwa, na alishuka garini ameshika kiuno.

"Nimeleta nguruwe, nimeleta samaki wa chumvi, nimeleta na kiuno kibovu," alisema. "Kiuno hakigawiwi."

"Wamekufulisha nini tena?" Nahoa akamwuliza, akimpokea vyombo.

"Mashuka ya maharusi. Hao watu hawalali, wanapigana mieleka. Hebu nikuone. Mungu wangu, umekonda! Dada anakupa poi ya kuhesabu?"

"Ananipa na sheria juu yake."

Walikaa wote watatu. Kawehi alifunua bakuli, akaona nyuso mbili za wadogo zake zimeinama juu ya chakula chake, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu walipomlaza Tutu kaburini, na akafurahi kwa namna iliyomtisha. Walikula nguruwe. Wakamsengenya jirani, wakamsema kuku wake, wakacheka. Ndipo Uilani, hana hili wala lile, mdomo umejaa samaki, akasema:

"Na mtoto je? Mmemficha wapi? Mara ya mwisho naona picha ya Darlene tumbo lilikuwa hapa. Nikasema hao watanipa mpwa wa jangwani. Kimya! Hata salamu hakuna."

Kidole cha Kawehi kilikuwa kimeshaanza kusogea. Hakujua habari za tumbo lolote.

"Alizaliwa," Nahoa alisema. Aliweka mikono yake yote miwili juu ya meza. "Wa kiume. Alizaliwa bila pumzi."

Uilani aliacha kutafuna.

"Kama yule wa pale juu. Nimekuja naye. Yumo kwenye mfuko, chumbani, majivu yake. Nimekaa naye hapa siku zote hizi natafuta saa ya kuwaambia, na kila ninapo—"

Ukucha wa Kawehi uligonga bakuli.

Hakukusudia. Kidole kilikwenda chenyewe, kama kilivyokwenda maisha yake yote, na mdomo ukakifuata: "Si mbele ya bakuli, Nahoa. Habari za kifo si mbele ya bakuli."

Alijisikia akisema. Aliyasikia maneno yakitoka na kutua mezani kati ya nguruwe na samaki, na hakuna aliyeyagusa.

"Dada!" Uilani alisema.

Kawehi alishika mfuniko kwa mikono miwili, akaupachika upande, poi ikamwagika kwenye vidole vyake, akaubamiza tena mpaka ukakaa. "Haya. Nimefunika. Sema. Sema, mdogo wangu, nimefunika."

"Sasa umefunika," Nahoa alisema. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa na hasira. "Dada, mimi nimemla kaka yangu maisha yangu yote. Nikaambiwa yeye ndiye bora, na mimi nile ninyamaze. Nikanyamaza. Wangu alipotoka vile vile, nilijiambia, basi nitampeleka akalale na mwenzake. Angalau mmoja wetu, sisi wa kwenye lami, apate nafasi kwenye yale maji. Hilo tu ndilo nililolijia. Kumbe nafasi ya kulisema ndiyo hakuna."

"Nafasi ipo! Twende sasa hivi. Nakuchimbia kwa mikono yangu, Nahoa. Twende."

"Kula, dada," alisema, kwa upole.

Akainuka, akanawa, akaingia chumbani. Alitoka na mfuko kifuani, ameukumbatia mkono mmoja chini na mwingine juu, na sasa ilionekana wazi alichokuwa akikibeba tangu siku ya kwanza. Akaenda kukaa kwenye gari la Uilani, kiti cha nyuma.

Kawehi alimfuata Uilani hadi kwenye gari, poi imeanza kumkaukia vidoleni. "Mwambie abaki. Wewe anakusikia. Mwambie alikuwa ni mdomo tu, si mimi."

Uilani aliwasha gari, akashusha kioo. Alikuwa analia bila kujifuta.

"Unajua kwa nini tulikuwa tunalia Jumapili jioni, tukirudi mjini?"

"Mlikuwa hamtaki kumwacha Tutu."

"Tulikuwa hatutaki kuingia garini. Yote aliyoyameza baba kwenye meza yenu alikuja kuyatapika humo. Ilikuwa ni kuvuka daraja tu, mkono unaanza. Mama kiti cha mbele, Nahoa kiti cha nyuma, pale pale alipokaa sasa. Mimi niliziba masikio nikaimba. Kadiri alivyonyamaza mezani ndivyo ilivyokuwa mbaya huko njiani. Wewe ulibaki huku unaosha bakuli, dada. Ulikuwa unatupungia mkono."

"Hakuna aliyeniambia."

"Tungekuambia saa ngapi?"

Gari likaondoka. Kawehi alisimama njiani. Nahoa hakugeuka nyuma, ila alionekana kupitia kioo, kichwa kimeinamia kile alichokipakata.

Alijipa moyo kwamba atarudi. Mtu aliyebeba mzigo kama ule hawezi kuupeleka pengine, alijiambia, mahali pake ni hapa. Jioni ile ile alichukua jembe akapanda jaruba la juu, na pembeni mwa kaka yao, kwenye ukingo maji yanapopita, akachimba kishimo. Akakisawazisha kwa viganja. Akakata mche mzuri kuliko yote aliyokuwa nayo akauweka kivulini, mizizi ndani ya maji, tayari.

Simu ya Nahoa ilikuwa imezimwa. Uilani, alipokubali hatimaye kupokea, alisema alimshusha bandarini, kwa sababu ndivyo alivyotaka. Nahoa alimwambia ana mtu wa kumwona kabla ya ndege. Uilani aliondoka kwa kuwa zamu ilikuwa inamngoja. "Usinipigie kila siku, dada. Na mimi ninayo yangu ya kubeba." Kawehi hakuamini kwamba alipanda ndege. Alikwenda mjini kwa gari la jirani, akatembea kwenye mahema ya watu wasio na nyumba, yaliyopangwa ufukweni toka bandari hadi kwenye miti, akimwulizia mwanamume mrefu, mkavu, mwenye mfuko asioutua chini. Mama mmoja aliyekuwa anachemsha wali na nyama ya kopo alimsikiliza hadi mwisho, ndipo akasema, "Mama, hapa kila mmoja ni kaka wa mtu." Akampa sahani. Kawehi aliishika mpaka ikapoa.

Alikwenda tena, na safari hiyo hakuulizwa hata anamtafuta nani.

Mfereji, bila Nahoa, ulianza kuziba. Jani moja likakwama kwenye jiwe, likashika na la pili, na magoti ya Kawehi hayakufika kule juu kwa wakati. Kile kishimo kilijaa maji, kingo zikaporomoka, konokono wakataga mayai yao ya waridi kwenye ukingo wake. Alikichimba upya. Kikajaa tena. Ule mche kivulini ulinyauka, akakata mwingine. Wa pili nao ukanyauka. Hakukata wa tatu. Chakula alikuwa akikila jikoni, amesimama, wali mtupu.

Darlene alipiga simu mchana, Kawehi akiwa majini.

"Wifi? Ni mimi, Darlene. Natumai sikusumbui kazini."

"Hunisumbui." Alisimama wima. Alidhani anapewa habari za Nahoa.

"Nimechelewa kukupigia, unisamehe. Nilikuwa sijui nianzie wapi. Nataka kukushukuru."

"Kunishukuru?"

"Nahoa alinieleza yote. Kwamba mmempanda mwanangu kando ya baba yake mkubwa, pale yanapoingilia maji. Kwamba wewe ndiye uliyeshika jembe, hukukubali mtu mwingine." Akapenga kamasi. "Akasema kabla ya hapo mlikaa mezani, wewe na yeye na Uilani, mkamwacha aongee. Mchana kutwa, wifi. Akasema hajawahi kuongea hivyo nyumbani kwenu tangu azaliwe. Nikasema huyo dada yake ni mtu wa namna gani. Mimi nilikuwa nakuogopa, unajua?"

Maji yalizunguka magoti ya Kawehi, yana uvuguvugu.

"Alikupigia lini?"

"Juzijuzi. Kwa simu ya mtu, yake anasema imeingia maji. Hapo yuko mferejini, sivyo? Najua. Mwambie anipigie akipata nafasi, lakini usimharakishe. Akae na mtoto kwanza. Mimi nangoja."

Kawehi alifungua mdomo. Hapakuwa na bakuli pale, hapakuwa na meza, wala mtu wa kumgongea ukucha. Maneno yalikuwepo: hayuko hapa, sijui aliko, hakumpanda, sikumwacha aseme. Aliyapanga yote. Yalifika hadi kwenye meno yakasimama, kwa sababu upande wa pili alimsikia mwanamke anavuta pumzi kama mtu aliyelala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Nitamwambia," alisema.

"Ahsante. Wifi, nina ombi, ni la kijinga."

"Sema."

"Uko karibu naye? Na mtoto?"

Kawehi alitazama juu, kwenye jaruba la mwisho. "Si mbali."

"Nipeleke. Uniweke karibu naye tu, hiyo simu. Sikupata kumwambia neno, walimchukua upesi mno. Nimwambie mawili matatu, halafu nakuacha na kazi zako."

Alipanda. Ilimchukua muda, tuta hadi tuta, anashikilia mashina, na njia nzima Darlene alikuwa anasikiliza maji. Kwenye jaruba la juu Kawehi alipiga magoti ukingoni. Pale alipochimba palikuwa na maji ya tope tu, yametulia, na mayai ya konokono pembeni. Alinyoosha mkono akaishika simu juu yake.

"Tumefika," alisema.

"Ananisikia?"

"Anakusikia."

Darlene akaanza. Alimwita mwanawe kwa jina, jina ambalo Kawehi alikuwa hajalisikia, akamwambia chumba chake kilikuwa na rangi gani. Akamwambia habari za joto la kule, na za siku aliyopiga teke la kwanza wakiwa kwenye foleni dukani, na alivyocheka baba yake mbele za watu. Akamwomba radhi. Alisema mengi, mazito, ya kifo na ya lawama, moja baada ya jingine, na Kawehi aliyasikia yote, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa unashika simu na mwingine unashika ukingo asianguke. Jua lilihama. Mkono ulipochoka akaubadilisha, simu isiguse maji.

"Basi," Darlene alisema mwishoni. "Kwa leo basi. Wifi, bado upo?"

"Nipo."

"Kesho nikipiga saa hizi hizi utakuwa hapo?"

Kawehi alisema atakuwepo.